Vumbi la Paneli

Mwalimu wetu wa umeme wa jua, hapa Lubumbashi, hapigi kelele. Tukimchosha hufumba macho na kusugua paji la uso kwa vidole vyenye makovu ya nyaya. Leo mwenzetu Fils alisema, "Prof, hii paneli imekufa. Tutafute ingine mupya." Mwalimu akavua koti lake jeupe, akafuta nalo vumbi jekundu juu ya kioo. Mshale wa kipimo cha umeme ukapanda. Tukapiga makofi.

"Muache makofi," akasema. "Kule ku hospitali ya Lukafu bamama banazala batoto na taa ya paneli kama hii. Mutabaambia batafute mupya?" Fils akaomba koti, akaanza kufuta paneli ya pili kwa nguvu zote. Mwalimu akashusha pumzi. "Fils, geuza koti. Bifungo binakwaruza kioo."