Wageni wa Ami Zahor Hawavui Nguru

Kaka yangu Seif alipata kazi ya ualimu Kuwait, na hiyo ndiyo sababu ya safari yetu ya uvuvi. Nyinyi mliobaki Unguja na Mombasa, mnaotuandikia kila mara kwamba sisi tumerudi kwetu, pengine hamjui kwamba huku kwetu Maskati mtu akitoka nchini bila idhini haruhusiwi kurudi, na kwamba idhini ni vigumu kupewa mtu aliyesoma. Seif alikuwa anatoka bila idhini. Nyumbani kila mtu alijua maana yake, wala hapana aliyeitaja. Walizungumza habari ya sanduku, la bati au la ngozi.

Mimi nilichoshwa na mazungumzo ya sanduku. Nikamuuliza, "Kabla hujaenda, unataka nini?"

Akasema, "Kuvua nguru. Si asubuhi moja, halafu turudi kunywa chai. Nataka wiki nzima au mbili, nivue mpaka nichoke."

Seif si mtu wa kutaka kitu. Huu ulikuwa mwaka wa nne tangu tutoke Unguja, na katika miaka yote hiyo sikumsikia akisema neno "nataka" isipokuwa kwa maji ya kunywa. Nikaapa kwamba hilo atalipata.

Asubuhi iliyofuata, mara lango la Maskati, ambalo hufungwa kila usiku, lilipofunguliwa, tulikwenda kwa miguu hadi Sidab kuwauliza wavuvi. Wakatuambia nguru, ambaye hapa humwita kanaadi, wamekwisha kupungua. Maji yakianza kupata joto huondoka wote. Ila upande wa Kuriyat, kusini zaidi, bado wapo. Pale ufukweni tulimkuta mtu wa huko, jina lake Mubarak, mwenye mtumbwi wake mwenyewe, huri kama waitavyo hapa, amekuja kuuza samaki wa chumvi. Alikuwa mfupi, mwenye mdomo mpana na maneno mengi.

"Mnajua kukaa baharini?" akatuuliza kwa Kiarabu.

Seif akasema tumekulia baharini.

"Kila mtu wa Zanjibari husema hivyo. Kisha hulisha samaki kwa tumbo lake."

Seif akacheka. Wakakubaliana pale pale: tutalala katika banda lake la makuti, tutatoka naye kila alfajiri, na tutagawana samaki kama watu wa chombo kimoja.

Siku zilizofuata tulijitayarisha, na nadhani zilikuwa siku bora za Seif tangu tufike nchi hii. Matrah sokoni tulitafuta ndoana kubwa, nailoni nene, risasi za kuzamishia, na waya wa kufungia ndoana, kwa sababu nguru ana meno ya kukata mshipi kama uzi wa cherehani. Kila kitu Seif alikitandaza juu ya mkeka, akakifunga, akakifungua, akakifunga upya. Mama alileta mchele, chai, pilipili na ndimu kavu, akasimama akitazama.

"Nyinyi mnakwenda kuvua au mnahama?"

"Tunakwenda kuvua, mama."

"Basi huo mchele wa kulisha harusi wa nini?"

Mwenyewe ndiye aliyeuleta.

Ofisini, kwa karani wa idhini, ndipo mambo yalipoharibika, ingawa siku hiyo sikutambua. Hapa mtu hatoki mji mmoja kwenda mwingine kama apendavyo. Karani alitaka jina la baba, la babu na la kabila. Kisha akauliza tutalala kwa nani. Nikasema, ufukweni, kwa wavuvi. Akaweka kalamu chini, akanitazama kama niliyesema tutalala zizini.

"Mtu wa kabila lenu halali kwa wavuvi. Kuriyat mna jamaa yenu, Zahor. Nitaandika kwake."

"Lakini hatuendi kwake."

"Sasa mnakwenda kwake," akasema, akapiga muhuri.

Nilimuuliza ni sheria gani inayompangia mtu alale wapi. Seif alinikanyaga mguu. Tukatoka na idhini yetu, naye Seif akasema, "Nyamaza. Tutamsalimia huyo jamaa, tutakunywa kahawa yake, kisha tutakwenda kwa Mubarak." Mpango ulikuwa huo.

Safari yenyewe tuliifanya kwa chombo cha injini kilichopeleka mchele. Tulikaa juu ya magunia, jua kali, milima mikavu upande wetu wa kulia kama ukuta usio na dirisha. Seif alikuwa na mfuko wa mishipi mapajani. Mara mbili aliona ndege wakishuka majini kwa fujo, akanishika mkono, "Wale pale! Wale pale wanakula!" Sauti hiyo nilikuwa nimeisahau.

Tulipofika Kuriyat, Ami Zahor alikuwa amesimama ufukweni anatungoja. Nani alimpasha habari, sijui. Ni mzee mrefu, ndevu nyeupe, jambia kiunoni. Aliishi Pemba miaka mingi, na Kiswahili chake ni kile kile cha wazee wetu.

"Nnakuoneni kama nnamuona baba yenu," akasema, akatukumbatia, akalia. Watumishi wake wakachukua mizigo yetu. Mfuko wa mishipi nao wakauchukua.

Siku hiyo tulichinjiwa mbuzi. Ya pili tulichinjiwa mwingine. Kahawa, tende, halua, kahawa, tena mchele. Seif aliomba ruhusa kwa adabu atoke alfajiri na Mubarak, na Ami Zahor akamgusa goti. "Utakwenda, mwanangu. Mgeni siku tatu zake za mwanzo ni zangu."

Siku ya tatu ikapita. Nikashusha pumzi. Sikujua kwamba baada ya siku za mwenyeji huja zamu za jamaa. Kila nyumba ya ukoo ina haki ya kumlisha mgeni, na mgeni akiruka moja ameitangaza kuwa ya watu duni. Tukawa tunapelekwa nyumba hadi nyumba kama waliofungwa, ila wafungwa hawalazimishwi kuongeza mchele. Maadamu tuko katika mikono ya wenyeji hatukuruhusiwa kushika kitu. Hata ndoo ya maji Seif alinyang'anywa.

Dirisha la chumba cha wageni lilitazama bahari. Kila asubuhi tuliona huri zikirudi, na watu wakiwabeba nguru mabegani, warefu, wanaong'aa. Mchana nguru wale wale waliletwa mbele yetu juu ya sinia. Jamaa wakamtilia Seif vipande vya mgongoni, "Kula, kula," naye akala, mikono safi kama ya bwana harusi. Kila siku huri zilirudi na samaki wachache kuliko jana. Seif aliwahesabu pale dirishani. Nami nilimtazama yeye.

Adhuhuri moja, wakati wenyeji wamelala, nilitoroka hadi bandani kwa Mubarak. Alikuwa anashona wavu.

"Mbona hutuchukui?" nikamwambia. "Tulipatana."

"Tulipatana Sidab. Hapa nyinyi ni wageni wa mtu. Nikikutieni katika huri yangu nimemwibia wageni wake. Nitaishi wapi baada ya hapo?"

"Ikiwa sisi wenyewe tunataka?"

"Mgeni hana anachotaka," akasema, bila kutania. "Fanyeni haraka. Maji yamekuwa kama chai."

Usiku ule nilimwambia Seif tuondoke bila kuaga. Akakataa. Alikuwa ameshaanza kusema yale maneno ya nyumbani: si kitu, watu hawa wanatupenda, uvuvi ni mchezo tu. Hapo ndipo nilipokasirika hasa. Mtu anakwenda mahali ambapo hatarudi, amewaomba walimwengu kitu kimoja, na anakatazwa kwa sinia la mchele, kisha anaona haya yeye!

Mchana uliofuata tulikuwa kwa Ami Zahor mwenyewe, jamaa wamejaa. Nikamwambia mbele ya wote, "Ami, kwa nini hatuendi baharini?"

"Mtakwenda, mwanangu. Bado hamjala kwa Nassor."

"Na baada ya Nassor?"

"Kuna mjane wa marehemu ndugu yangu. Huyo mkimpita atalia."

"Na nguru watamngoja amalize kulia?"

Wawili watatu walicheka, kisha wakaacha. Ami Zahor akasema polepole, "Sikiliza, Salim. Baba yenu alikuwa mtu wa mashamba, mikarafuu huoni mwisho wake. Nende ahera nikamwambie kwamba wanawe nimewatia katika huri, wakavuta mishipi pamoja na wavuvi? Mbele ya watu?"

"Mikarafuu imekwenda, Ami."

"Jina halikwenda."

"Jina ndilo lililotufukuzisha!" nikasema. Nilikuwa nimeshasimama. "Tulikaa barazani hivi hivi, tukinywa kahawa hivi hivi, tukiwatazama wengine wakifanya kazi na kusema kazi ile si yetu. Siku walipotutoa tukauliza tumefanya nini. Na sasa tumekuja huku kukaa barazani tena!"

Hapana aliyetia mkono katika sinia. Ami Zahor alifuta vidole vyake kimoja kimoja.

"Hayo umefundishwa Misri ulikokwenda kusoma?"

"Nimeyaona Unguja."

"Basi," akasema. "Mimi mgeni wa namna hiyo sina. Wapeni mizigo yao."

Njiani Seif hakunitazama. Alibeba mfuko wa mishipi begani, akatembea mbele yangu. Tulipokaribia pwani akageuka. "Nani alikutuma? Mimi nitaondoka, wewe utabaki nao. Mama atabaki nao. Umefikiri hilo?"

"Nimefikiri," nikasema. Nilikuwa sijafikiri, lakini nisingebadilisha hata neno.

Mubarak alikuwa ameshapata habari. Kuriyat ni ndogo.

"Mwenyeji wenu nani?" akauliza.

"Hatuna," nikasema.

"Hamna kabisa?"

"Tumefukuzwa."

Akaweka wavu wake chini, akacheka mpaka macho yakatoka machozi. "Basi nyinyi sasa ni watu kama mimi. Alfajiri mje. Na huo mchele wenu nani atapika?"

Alfajiri tukatoka. Sitaisifu bahari, wengine wameshaisifu vya kutosha. Nitasema tu kwamba Mubarak alitupeleka nje ya mwamba ambako maji hubadilika rangi, Seif akaachia mshipi ukafuata nyuma ya huri, na kwa muda mrefu hakukuwa na kitu. Halafu mkono wake ukaruka. Mshipi ukakimbia katika vidole vyake, naye akapiga kelele, "Huyo! Huyo! Usinisaidie!" Hakuna aliyetaka kumsaidia. Alimvuta, akamwachia, akamvuta tena, damu inamtoka kiganjani. Yule nguru alipotokea ubavuni mwa huri alikuwa na urefu wa mtoto anayeanza chuo cha Kurani. Seif akamkalia ili asiruke, akacheka. Mubarak akamwambia, "Mwalimu, huyo ni samaki, si punda." Akacheka zaidi.

Tulipata siku chache za namna ile. Alfajiri baharini, adhuhuri tunapasua samaki na kutia chumvi, jioni tunaanguka kama magogo. Kila alasiri Seif alichukua samaki wake bora na kumpeleka kwa Ami Zahor. Nilimwambia anajidhalilisha. Akasema, "Wewe ulisema lako. Hili langu."

Siku ya kwanza mtumishi alimpokea samaki akafunga mlango. Ya pili akatoka mzee mwenyewe. Seif alinisimulia walivyosemezana.

"Ingia," mzee akamwambia.

"Ami, nikiingia nitakuwa mgeni, na kesho nnataka kwenda baharini."

Mzee alimtazama yule nguru, akazitazama zile nguo zilizojaa magamba. "Umemvua wewe huyu?"

"Mimi."

Akampokea kwa mikono yake miwili, magamba yakamwingia katika kanzu. "Basi ukimaliza kuvua, ingia."

Siku ya mwisho tulizunguka tangu alfajiri mpaka jua kali na hatukupata hata mguso mmoja. Mubarak alitia mkono majini, akautoa. "Wamekwenda." Seif alikunja mshipi taratibu, akaoga kwa maji ya kisima, akavaa kanzu yake safi, akaenda kula kwa Ami Zahor. Mimi sikuitwa. Lakini baada ya sala ya isha alikuja mtumishi na sahani yangu, imefunikwa kawa, mchele na nyama ya mbuzi.

Nikaitazama kwa chuki. Mubarak akasema, "Kula. Sahani haikukutukana." Nikala kwa sababu nilikuwa na njaa. Hasira yangu ilikaa pale pale.

Tuliporudi Maskati, maneno yangu yalikuwa yameshafika kabla yetu. Mama alikuwa mlangoni. "Umemtukana Zahor mbele ya watu," akaniambia, asiniulize habari za safari. Kisha akavishika viganja vya Seif, akaona mishipi ilivyomchanja.

"Nani kakufanya hivi?"

"Nguru, mama."

Akavigeuza, akavitazama kwa muda, akaenda kutafuta mafuta ya nazi. Mimi hakunisemesha mpaka usiku.

Matrah, wiki ile ile, Seif alipanda meli. Jamaa walisema utarudi inshallah, na wote walijua wanasema uwongo. Nilisimama pale mpaka meli ikawa haionekani, si kwa huzuni peke yake. Nilikuwa nikitafuta wa kumlaumu. Karani wa idhini na askari wa lango ni rahisi kuwachukia, kwa sababu wanashika ufunguo na muhuri na hawakupendi. Nimejifunza katika safari hii kwamba kuna mlango mwingine, unafungwa na mtu anayekukumbatia huku analia, na huo hauna ufunguo wala saa ya kufunguliwa. Wengi wetu tumekaa nyuma yake tangu Unguja, tumeshiba, tukatosheka kuuita heshima.

Ami Zahor ni mtu mwema. Nimelikubali hilo na halinitulizi hata kidogo. Wema wake ulimlia kaka yangu siku nyingi zaidi za bahari kuliko alizozipata, na siku hizo hapana wa kumrudishia. Jamaa wanataka niende Kuriyat nikaombe radhi. Siendi. Yale maneno ningeyasema tena, na ningeyasema siku ile ile ya kwanza, pale ufukweni, kabla ya kupokea kikombe chake cha kwanza cha kahawa.