Mwiko wa Ernesta na Hataza ya Watu wa Dar

Kwa miaka ishirini na mitatu Ernesta wa Myamba alikuwa fundi wa cherehani. Si wa kushona, bali wa kuzitengeneza za wenzake zikiharibika. Kwa hiyo tangawizi ilipoanza kuzaa sana shambani kwake, na kuiosha matope kukamvunja mgongo, hakuhangaika na dawa ya kuchua. Alichukua miguu ya cherehani mbovu, ile yenye pedali, akaiunganisha na pipa lililolazwa, akalitoboa matundu na kulitia mlango ubavuni. Akajaza tangawizi na maji, akaketi, akakanyaga. Pipa likazunguka. Tangawizi ikatoka safi, naye muda wote huo alikuwa akichambua maharage.

Evance, fundi baiskeli wa Same mjini, alipanda mlimani Myamba kununua tangawizi akauona mtambo ule. Aliporudi akaunda wa kwake, akaongeza brashi za nailoni ndani ya pipa. Habari zilipomfikia Ernesta, alishuka Same, akanywa chai ya Evance, akautazama mtambo kwa utulivu, akapanda zake mlimani. Wiki ile ile na yeye akaweka brashi.

"Umeniibia," Evance akamwambia walipokutana gulioni.

"Nimeiba kwa aliyeniibia. Hapo kuna kesi?"

Wakaendelea kuibiana hivyo misimu mitatu, na kila wizi mtambo ukazidi kuwa mzuri.

Ndipo wakaja vijana wa kampuni moja ya teknolojia ya kilimo kutoka Dar es Salaam. Mkubwa wao aliitwa Method, mhandisi, mpole, mwenye tabia ya kupiga picha kwanza na kusalimia baadaye. Walipiga picha saa nzima bila kusema za nini. Siku hiyo mlango wa pipa ulikuwa umelegea, na Ernesta alikuwa ameuzuia kwa kuchomeka mwiko wa kusongea ugali, nusu nje, nusu ndani.

"Na hiki kibao, mama, kina kazi gani?" Method akauliza.

Ernesta alikuwa amekwisha kuchoshwa na kamera. "Hicho ndicho roho ya mtambo," akasema, uso mkavu kabisa. "Tangawizi inajisugua hapo. Bila hicho, ninyi wasomi mnajua wenyewe."

Method akaitikia kwa kichwa kama anayejua. Akaupima mwiko kwa tepu, mara mbili, akaandika. Walipoondoka, Ernesta alifunga komeo kwenye mlango wa pipa, akaurudisha mwiko jikoni.

Mwaka uliofuata ilikuja barua ya wakili: kampuni ina hataza ya mtambo wa kuosha mizizi, na Ernesta aache mara moja kuutumia na kuwaundia majirani. Aliisoma akiwa amesimama, kisha akakaa. Usingizi ukampaa siku mbili. Siku ya tatu akaenda Same kwa Doris, binti wa kaka yake, karani katika ofisi ya wakili.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Hebu niambie, hataza ni mdudu gani?"

Doris akamweleza kuwa serikali humpa mvumbuzi haki ya peke yake kwa miaka kadhaa, ili asiogope kuonyesha alichobuni.

"Mbona ni kitu kizuri," Ernesta akasema.

"Kizuri kwa aliyewahi kuandikisha. Tunaweza kuipinga, maana mtambo wako watu waliuona kabla, ila kesi ni ndefu. Ngoja kwanza nisome wanadai nini hasa." Akasoma kwa sauti: "Pipa linalozungushwa kwa pedali, pamoja na kibao bapa cha mti chenye urefu wa sentimita arobaini na nane, kinachoingia ndani ya pipa..."

"Rudia hapo kwenye kibao."

Doris akarudia. Ernesta akacheka mpaka wakili mwenyewe akachungulia mlangoni.

"Wanadai vyote kwa pamoja," Doris akasema alipoelezwa. "Mtambo usio na kibao haujagusa hataza yao."

Method na wakili wake walipopanda Myamba kukagua kama ameacha, walilizunguka pipa, wakaingiza mikono, wakainama. Hakuna kibao. Ernesta aliwakaribisha jikoni, ambako makande yalikuwa yakitokota.

"Kile kibao, mama, kiko wapi?" wakili akauliza.

Ernesta akauinua mwiko kutoka chunguni, unachuruzika maharage. "Ni huu? Karibuni muupime."

Wakili akamgeukia Method. Method akatazama viatu vyake. Makande walikula, tena vizuri, na barua nyingine haikuja.

Baada ya miezi michache Method alipiga simu. Mitambo waliyouza ilikuwa inakwama. Tangawizi inanasa kwenye kibao.

"Kitoeni," Ernesta akamwambia.

"Tukikitoa, mama, hataza yetu haitulindi tena."

"Basi kaeni nacho."

Lakini kijana alikuwa na sauti ya kuchoka, na Ernesta akamwonea huruma kidogo. Akamwambia aje siku moja bila kamera, na asije mikono mitupu. Aje na wazo jipya.

Sasa Doris anamsukuma aandikishe hataza yake mwenyewe, kwa yale aliyoyaboresha na bado hayajaonwa na watu nje ya uzio. Fomu imejazwa yote isipokuwa mstari wa jina la mvumbuzi. Evance anasema brashi ni zake, jina lake litangulie. Ernesta anasema bila pedali brashi ni ufagio tu. Na wakati wanabishana, imesikika kwamba Gideoni, mkulima wa Msangeni, amefunga mnyororo wa pikipiki kwenye pipa lake, linazunguka mara mbili zaidi. Ernesta ameuliza tu Gideoni huwa yuko nyumbani siku gani.