Matuta Mawili Kando ya Ukuta

M'e Mapulane, yaani Mama Mapulane, alitulimia bustani ya shule majira yote ya baridi bila kukanyaga udongo wake hata siku moja. Mumewe alifariki Februari, yeye akavishwa nguo nyeusi za eda, na kwetu mwanamke aliye katika eda haingii shambani. Akiingia, wanasema, mimea itanyauka na mvua ya mawe itafuata. Nyumba yake imepakana na shule, na katikati kuna ukuta wa mawe unaofika kifuani. Basi alisimama upande wake, amejifunga blanketi, akawa anatuamrisha kutoka kule.

Mwalimu wa bustani nilikuwa mimi. Nilipewa kazi hiyo kwa kuwa nilikuwa mgeni kijijini na sikujua kukataa. Nimezaliwa mjini Maseru, mboga niliijua ikishafika sahanini.

"Ntate Tlali," aliniita siku ya kwanza, yaani Baba Tlali, "hilo jembe umelishika kama unaliomba mcheze dansi. Hebu mpe Lineo akuonyeshe."

Lineo alikuwa mjukuu wake, darasa la tano, mkimya, mwenye mikono ya kazi. Alinionyesha. Watoto wengine walicheka mpaka wakakaa chini, nami nilikasirika kama mjinga, kwa kuwa nilikuwa mjinga kweli.

Mbegu alinipa M'e Mapulane mwenyewe juu ya ukuta, kifundo kidogo cha kitambaa.

"Hizi nilikuja nazo nilipoolewa," alisema. "Alinifungia mama yangu. Kila mwaka napanda, kila mwaka naacha chache zizae. Mwaka huu mimi siruhusiwi, na mama yake Lineo yuko kiwandani Maseru. Sasa sikiliza, mwanangu. Matuta mawili ya kando ya ukuta, haya ninayoyaona hapa niliposimama, msiyaguse. Hayo ndiyo mama wa mbegu za mwakani. Mengine kuleni mshibe."

"Zote nizipande, M'e? Hubakizi hata kidogo?"

"Nibakize ya nini, na wewe upo?"

Maneno hayo nimeyasikia masikioni mwangu mara nyingi kuliko jina langu.

Tulipanda Machi. Juni ilipofika na maji ya mtoni kuganda pembezoni, ndipo nilipojua kwa nini hakuna shule jirani yenye mboga wakati ule. Jioni watoto walifunika matuta kwa magunia na nyasi za kuezekea. Asubuhi hawakuruhusiwa kufunua mpaka jua liguse jiwe jeupe katikati ya ukuta. Kumwagilia ni saa nne, umande ulioganda ukishayeyuka, si mapema. Jivu walileta kutoka majumbani kwao, kila mtoto na kopo lake, na M'e Mapulane alilikagua.

"Hili la nani? Limejaa plastiki! Mwambie mama yako mboga haili mifuko."

Hata likizo watoto walikuja kwa zamu, na asiyekuja aliitwa kwa sauti mpaka ng'ambo ya bonde. Mwezi wa Julai, wakati majumbani wengi walikula ugali na maji ya chumvi, watoto wetu walikula ugali na mboga, majani mapana yenye uchungu kidogo unaokaa ulimini. Sikuwa nimewahi kujivunia kitu namna ile. Nikaandika barua ofisi ya elimu ya wilaya, tena kwa mwandiko mzuri. Hakuna aliyeniambia niandike.

Jibu lilikuja Agosti: afisa atafika Alhamisi, na kamera. Matuta ya ndani tulikuwa tumeshayala, yamebaki vishina. Yaliyosimama ni yale mawili tu, mboga zake zimefika kiunoni mwa mtoto, zinakaribia kutoa maua. Na ukutani hapakuwa na mtu. M'e Mapulane alikuwa amekwenda kwao, milima ya juu, kuvuliwa nguo za eda.

Afisa alikuwa mtu mwema, nasema kweli. Aliomba tu kuona watoto wakivuna. Nikachukua kisu jikoni nikampa Lineo, kwa kuwa hakuna aliyekata vizuri kama yeye.

"Ntate, hizo ni mama," alininong'oneza.

"Zitachipua tena."

"Nkhono alisema..." alianza, akimtaja bibi yake.

"Lineo! Wageni wanasubiri. Kata."

Alikata. Alianza na jani moja moja, kama alivyofundishwa, na afisa akasema picha haionekani vizuri, ashike mche mzima. Nami nikaitikia kwa kichwa. Alikata yote, matuta mawili, mpaka chini. Tulipika sufuria mbili zikajaa. Afisa aliniita mwalimu wa mfano.

Jumamosi theluji ilianguka. Kisu kilikuwa kimeacha vidonda vibichi, maji yakaingia, baridi ikafuata. Kufikia Jumatano vishina vilikuwa laini vinanuka. Nilivichimba usiku wa siku hiyo nivifiche? Hapana, hata hilo sikuwa na aibu ya kulifanya. Niliviacha palepale.

M'e Mapulane alirudi wiki iliyofuata, amevaa gauni jipya la rangi ya kahawia na blanketi jipya. Hakwenda ukutani. Alizunguka barabara nzima, akaja mlangoni, akavua viatu, akaingia bustanini kwa miguu mitupu. Watoto walimpigia vigelegele. Alitembea moja kwa moja hadi kando ya ukuta, akasimama.

"Ntate Tlali, mama zangu wako wapi?"

Lineo aliniangalia.

"Theluji, M'e," nikasema. "Theluji imeua."

Aliinama, akashika kishina kimoja, kikavunjika mkononi. Kisha akajipangusa vidole kwenye majani makavu.

"Theluji mtu utaigombeza vipi?" alisema. "Mlijitahidi, mwanangu."

Miaka mitatu imepita. Siku hizi tunapanda kabichi za pakiti. Zinaota, siyo kwamba hazioti, watoto wanakula. Yeye bado huleta jivu Ijumaa, na theluji ikianguka hunionyesha milimani kwa kidevu: "Mwizi wangu yule kaja." Nami hujibu, "Ndiyo, M'e."

Desemba iliyopita Lineo alimaliza darasa la saba. Alikuja kuchukua cheti chake, akapiga goti kidogo, akakipokea kwa mikono miwili. Alifika mlangoni akageuka.

"Ntate," alisema, "Nkhono sijamwambia. Nilikuwa nangoja umwambie wewe."

Akaenda zake. Dirishani nilimwona bibi yake amesimama upande wake wa ukuta, anamngoja, ameniinulia mkono kunisalimia.