Darasa Lililofaulu Mno

Wanafunzi walimwita Bi Achtung, na jina hilo alijitakia mwenyewe. Siku yake ya kwanza ya kufundisha aliingia darasani akakuta makelele ya kuezua paa, akapaza neno la kwanza la Kijerumani lililomjia kinywani: Achtung, yaani angalieni, tahadharini. Darasa likanyamaza kama limemwagiwa maji. Tangu siku hiyo mpaka kichwa chake kilipoanza kuingia mvi, hakuna aliyemwita tena kwa jina alilopewa na baba yake. Hata muuza vocha wa getini alimwamkia, "Shikamoo Bi Achtung," wala hakujua anasema nini.

Kijerumani chenyewe hakukichagua. Alipokwenda chuo cha ualimu alitaka Jiografia, lakini siku ya kujiandikisha foleni ya Jiografia ilikuwa imetoka nje ikafika barabarani, na foleni ya Kijerumani ilikuwa na mtu mmoja tu, naye alikuwa mlinzi aliyejikalia pale kwa ajili ya kivuli. Binti hakupenda jua. Akaenda penye nafasi. Mama yake alipopata habari alishika tama. "Sasa mwanangu," akamwuliza, "hiyo lugha utazungumza na nani?"

Lilikuwa swali la haki. Basi akazungumza peke yake. Alizungumza na sufuria jikoni, akazungumza na nguo alizokuwa akianika, na baadaye na mtoto aliyembeba mgongoni. Mumewe, fundi wa majokofu, alizoea upesi. "Mke wangu akikasirika," alikuwa akiwaambia wateja wake, "ananitukana kwa lugha nisiyoijua, ndiyo maana nyumba yetu ina amani." Mama mkwe ndiye hakuzoea. Alikiita Kijerumani lugha ya kukohoa, na kila alipomsikia mkwewe akijisemea uani aliuliza kama dawa ya kifua imekwisha.

Mara moja tu maishani alifika Ujerumani, wiki chache za semina ya walimu. Asubuhi ya kwanza aliingia duka la mikate akaomba mikate miwili, na mwanamke wa dukani akampa mikate miwili, akamtakia siku njema, akamgeukia mteja mwingine. Hakushangaa wala hakumpongeza. Bi Achtung alitoka nje akasimama ukutani akalia. Miaka yote ile alikuwa akisema na vyombo, kumbe lugha ile ilikuwa na watu ndani yake. Aliporudi nyumbani alimsimulia mumewe, naye mumewe akauliza kama mikate ilikuwa mitamu. Wanaume bwana.

Semina ile ililetwa na mradi. Shule yao ilikuwa imeingia ubia na shule moja ya huko, na nyuma ya ubia kulikuwa na shirika lililojipa kazi ya kueneza Kijerumani katika shule za nchi nyingine. Mradi ndio ulioleta vitabu. Mradi ndio uliolipia vipindi vya Bi Achtung na ada za mtihani wa cheti cha Kijerumani. Mradi ndio uliogeuza stoo ya majembe nyuma ya choo cha walimu ikawa chumba cha Kijerumani, chenye ramani ukutani iliyochujuka upande wa kaskazini kwa sababu bati lilivuja. Kila kitu mle ndani kilibandikwa karatasi yenye jina lake kwa Kijerumani: mlango, dirisha, kabati, hata feni iliyokufa zamani. Karatasi nyingine mende walikuwa wamekula herufi za mwisho, na Bi Achtung alikuwa akiziandika upya kila mwanzo wa muhula bila kununa.

Mwaka ninaousimulia, mkataba wa mradi ulikuwa unafikia mwisho. Mgeni kutoka makao makuu angekuja, angekaa nyuma ya darasa, angeangalia, kisha angeamua kama mradi uongezewe miaka mingine. Kila mtu shuleni alijua kwamba bila mradi hakuna Kijerumani. Bodi ya shule ilikwisha kusema siku nyingi kwamba haina fungu la lugha ya watu wa mbali. Na kidato cha tatu kilikuwa kimebakiza mwaka mmoja tu kufanya mtihani wa cheti. Watoto wale walianza naye wakiwa hawajui hata kusalimia, na wazazi wao walikuwa wanakiongelea hicho cheti mtaani kama tayari kimetundikwa sebuleni. Hicho ndicho kilichokuwa kinamnyima Bi Achtung hamu ya kula.

Mkuu wa shule hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mnene, mcheshi, mpenda wageni, na katika kazi yake yote hakuna mkaguzi aliyewahi kuondoka na uso wa ndita. Siri yake ilikuwa ni mikono. Aliwafundisha wanafunzi wa kila darasa kwamba mkaguzi akiwepo, swali likiulizwa, wote wanyoshe mikono, pasibaki hata mmoja. Anayejua anyoshe wa kulia, asiyejua anyoshe wa kushoto. Mwalimu anachagua wa kulia. Mkaguzi anaona msitu wa mikono, anatikisa kichwa kwa furaha, anakwenda kunywa soda.

"Mkuu, safari hii tuache," Bi Achtung alimwomba ofisini. "Hawa wanaozungumza kweli nawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Wengine ndiyo kwanza wanatambaa. Mgeni akituona tulivyo, ataona bado tunahitaji msaada."

"Ataona tumekula vya watu bure," Mkuu akasema. "Mwalimu wangu, mgeni unamwonesha sebule, jikoni humpeleki. Akienda kule kwao akasema watoto hawajui, wewe utakuwa mgeni wa nani?"

 Hoja ya Mkuu ilimtia Bi Achtung hofu, na hofu ni mshauri asiyelala. Akakubali. Wiki zilizofuata kila mwanafunzi alipewa sentensi zake, akazimeza kama vidonge, na chumba cha stoo kikawa kinanguruma toka asubuhi. Wapo waliozipata vizuri mpaka ukadhani wamezaliwa huko. Aliyemsumbua ni binti mmoja waliyemwita Mashoto, kwa kuwa kila kitu alikifanya kwa mkono wa kushoto, na ukimwambia kulia anafikiri kwanza. Huyo sentensi yake ilikuwa moja: kwa bibi yangu kuna bustani kubwa, nami naipenda sana.

Mgeni akaja. Alikuwa mama mrefu, nywele nyeupe zilizokatwa fupi, amevaa viatu vya kupandia mlima. Alikuwa mpole, na hilo lilimtia Bi Achtung hofu zaidi. Alikaa nyuma kwenye kiti kilichopanguswa vumbi mara tatu na Mkuu mwenyewe. Somo lilikuwa juu ya familia na nyumbani. Swali likitoka, mikono juu, yote. Bi Achtung anateua wa kulia, jibu linatoka limenyooka. Mambo yalikwenda, tena yalikwenda kwa raha, mpaka yeye mwenyewe akaanza kusahau kuwa ni mchezo.

Karibu na mwisho mgeni akainua kalamu akaomba aulize swali moja la kwake. Kwa nini, aliuliza kwa Kijerumani cha taratibu, mnajifunza lugha hii? Darasa halikuelewa hata nusu, ila lilijua wajibu wake. Mikono ikapanda, na safari hii karibu yote ilikuwa ya kushoto. Bi Achtung alizungusha macho akitafuta wa kulia kama mtu anayetafuta ufunguo huku mlango unagongwa. Wale wake wa kutegemewa walikuwa wamekwisha kujibu, nao wameambiwa wakishajibu wanyoshe wa kushoto. Akaona mkono mmoja wa kulia, akauteua kabla hajaangalia ni wa nani. Alikuwa Mashoto. Alikuwa amechanganya mikono.

Binti akasimama. Swali hakulijua, sentensi alikuwa nayo moja, akaitoa yote bila kukwama: kwa bibi yangu kuna bustani kubwa, nami naipenda sana.

 Bi Achtung alitamani ardhi ipasuke immeze. Kisha mgeni akavua miwani akajifuta macho. Katika miaka yote ya kuzunguka shule za nchi nyingi, alisema, hajapata kusikia mwanafunzi akiieleza lugha namna hiyo, kama bustani ya bibi ambayo mtu anaingia akaipenda. Akaandika. Mkuu, ambaye hakujua Kijerumani hata cha kuombea maji, aliona machozi ya mgeni akapiga makofi, na darasa zima likafuata.

Ofisini waliletewa soda. Bi Achtung aliketi katikati ya hao wawili kama mkalimani. Mgeni alizungumza kwa muda, polepole, mikono imepakatwa, na kadiri alivyozungumza ndivyo Bi Achtung alivyozidi kukaa wima.

"Anasemaje?" Mkuu akauliza, ametabasamu mpaka masikioni.

"Anasema darasa letu ndilo bora kuliko yote aliyoyaona."

"Mwambie asante sana. Mwambie hii ni kazi yetu sote."

"Anasema mradi upo kwa ajili ya shule ambazo bado zinahitaji kushikwa mkono. Sisi tumekwisha kusimama. Vitabu tulivyo navyo tubaki navyo kama zawadi. Kuanzia mwakani fungu letu litakwenda shule nyingine, yenye shida zaidi."

Tabasamu la Mkuu halikuondoka mara moja, lilibaki usoni halina kazi. Aliiangalia chupa ya soda. "Mwambie," akasema, "mwambie bado hatujafika huko."

"Nimwambie kuwa tulikariri?"

"Hapana, mama, usimwambie hivyo." Akainamia meza akanong'ona, ingawa mgeni asingemwelewa hata angepaza sauti. "Mwambie tu bado hatujafika. Yale mengine usiyaguse. Atanionaje mimi? Watoto atawaonaje?"

Basi akasema hilo tu, kwamba bado hawajafika, na mgeni akatabasamu akasema wanaofika kweli siku zote husema hivyo.

Mgeni alipotoka kwenda kwenye gari, Mkuu alisimama barazani anapunga mkono, na Bi Achtung akamsindikiza.  Walipofika nyuma ya ukuta wa tangi la maji, mahali Mkuu asipowaona, akapiga moyo konde akasema yote. Alisema habari ya mikono ya kulia na ya kushoto. Alisema kwamba binti yule hakuelewa swali, kwamba bustani ilikuwa bustani tu, kwamba wanaojua ni wachache mno na wengine bado ni watoto wachanga katika lugha hii, na wakiachwa sasa watapotea wote, na mtihani wa mwakani hakuna atakayewalipia. Hakuficha hata aibu yake mwenyewe.

Mgeni alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Mwalimu mpendwa," alisema, "nimekuwa nikikusikiliza jinsi unavyosema. Sina wenzangu wengi wanaokisema Kijerumani kizuri namna hii, hata kwetu. Mtu kama wewe hawezi kuwa na wanafunzi kasuku. Wewe ni mnyenyekevu mno, na unawapenda, unaogopa kuwaacha watembee wenyewe. Naelewa."

"Hapana, huelewi," Bi Achtung akasema, na hata hilo likatoka vizuri.

Alijaribu tena. Alieleza kwa namna nyingine, kwa mifano, kwa hasira kidogo, na kila alivyozidi kueleza ndivyo uso wa mgeni ulivyozidi kujaa heshima. Ikamjia akilini aharibu Kijerumani chake makusudi. Akatafuta namna ya kukosea, kugugumia, kuyatupa maneno hovyo kama wanavyofanya wanafunzi wake, ili mama huyu aone. Akaanza sentensi mbovu. Lakini alikuwa ameisema lugha hii kwa sufuria na kwa kamba za nguo tangu usichana, na ulimi ukaisahihisha katikati ya njia kabla hajaweza kuuzuia. Mgeni akacheka taratibu akampiga begani. Dereva akafungua mlango. Bi Achtung alisimama pale mikono mitupu, ana ukweli wote na hana wa kumpa, na gari likatoka getini.

Alirudi darasani kwa sababu hakuwa na pengine pa kwenda. Kidato cha tatu kilikuwa bado kimeketi, sare zimechomekwa, hakuna aliyepiga kelele. Walikuwa wanamngoja. Walimwangalia usoni wakitafuta habari, na yeye akageukia ubao akaanza kuufuta, akaufuta hata mahali ambapo hapakuwa na kitu.

"Bi Achtung," mmoja akauliza kutoka mbele, "tumefaulu?"

Alitaka kuwaambia. Alikuwa na maneno ya kuwaambia katika lugha mbili. Aliona kwamba wakijua leo watalia leo, na wakijua kesho watalia kesho, na kwamba hapana siku atakayoipata ambayo haitakuwa na kilio ndani yake.

"Mmefaulu," akasema.

Wakashangilia. Walipiga madawati, wakakumbatiana, wengine wakatoka mbio kwenda kuwaambia madarasa mengine. Mmoja alikuja mpaka mezani kwake, macho yanang'aa, akamwuliza mtihani wa mwakani utakuwa mgumu kiasi gani, kwa sababu yeye anataka kuanza kujiandaa leo.