Nilinunua sabufa kubwa nimsikie mama akiimba, nikakosea mara mbili

Wakuu, salamu kutoka kambi ya wakimbizi ya Dzaleka. Hii ilinipata mimi mwenyewe, siongezi chumvi.

Mi ni fundi cherehani, mzaliwa wa Uvira. Mama alikuwa mwanakwaya kanisani. Alifariki nikiwa mdogo, kabla hatujakimbia. Sina hata picha yake.

Mwaka jana muumini wa kanisa letu la zamani alinitumia kwenye simu wimbo mmoja wa ile kwaya, uliotolewa kwenye kaseti.

Batu kama ishirini wanaimba. Kuna sauti moja ya juu, kali, inaongoza wenzake. Nikasema huyu njo mama, ndiye mwenyewe. Kila siku nikishona, naisikiliza.

Sauti ya simu ni nyembamba, hairidhishi. Nikanunua sabufa, ile kubwa, nikaiweka kwenye kona.

Wakuu, chumba changu ni hatua nne kwa tatu, matofali na mabati. Bass ilipopiga, bati likatetemeka, sufuria zikacheza. Kwaya nzima ikawa ngurumo. Kwa disco ingefaa. Mama sikumsikia.

Nikaipakia kwenye kabaza, baiskeli ya abiria, mpaka barabarani, halafu minibus mpaka Area 25 mjini, kwa fundi mmoja Mrundi anayeuza spika za mtumba.

Swali lake la kwanza: "Chumba yako iko namna gani? Na unasikilizaka nini?"

"Chumba ni kidogo. Nasikiliza kwaya. Sauti za batu."

"Basi ndugu, bass ya nini? Chukua hizi mbili ndogo. Usizibane ukutani, na kona uache. Zipandishe usawa wa masikio, ukae katikati. Halafu tundika vitambaa ukutani, sauti isirudi-rudi."

Tukabadilishana. Vitambaa sikukosa, ni kazi yangu.

Jumapili nikamwita dada yangu Furaha, anaishi Area 23. Mama alipofariki, yeye alikuwa msichana mkubwa.

Nikaweka wimbo. Sauti zikatoka safi, kila moja na mahali pake. Ile ya juu ilipoanza, nikamwangalia dada.

"Umemsikia mama?"

"Yule? Yule si mama. Yule alikuwa bibi ya mchungaji, mke wake."

Nikausimamisha wimbo.

"Mama alikuwa anaimba sauti ya chini. Rudisha mwanzo. Achana na huyo wa juu, sikiliza chini yake."

Nikarudisha. Kweli, ilikuwepo. Nzito kidogo, inachelewa kumaliza maneno. Kwenye simu haikusikika kabisa, kwenye sabufa ilizama.

Dada akaanza kuimba naye polepole, machozi yanamtoka. Mi sikulia. Nilikuwa naona aibu.

Mwaka mzima nimemlilia mama kwa sauti ya mtu mwingine. Na hii ya kweli, naisikia kama ya mgeni. Naendelea kuizoea.

Nilichojifunza: kabla ya kununua spika, angalia chumba chako, halafu jiulize unataka kusikia nini hasa. Ukubwa utakudanganya. Na kama iko mutu anayekumbuka kuliko wewe, mwite asikilize pamoja nawe.

Wenye uzoefu wa spika ndogo, karibuni mnikosoe.

Na kama kuna mtu humu mwenye kaseti za kwaya za Uvira za miaka ile, hata kama zinakwaruza, aandike hapa chini. Nataka kumsikia mama akiimba wimbo wa pili.