Maji ya Mgongo

Kwetu Uthiru hakuna mama asiyejua: mgonjwa akitolewa maji ya mgongo, familia ianze kuitisha tenti ya matanga. Kwa hivyo daktari, msichana mdogo kuliko kitindamimba wa mama yangu, aliponiambia fangasi wameingia ubongoni mwa binti yangu, maji yamejaa yanakandamiza kichwa na lazima yatolewe kwa sindano ya mgongoni, nilimjibu, "Huyu hutamgusa."

Binti yangu alikuwa na miaka kumi. Alizaliwa na virusi vya UKIMWI, na dawa zake zilikuwa zimeacha kumsaidia. Kichwa kilimuuma siku nyingi nikimpa dawa za maumivu, nikidhani ni macho, anataka miwani. Sasa alitapika kila alichomeza na shingo ilikuwa imekakamaa.

Wamama wa kanisa walikuja saa ya kuona wagonjwa, na uji kwenye chupa. Waliomba, kisha kiongozi wao akanivuta kando. "Mama, usikubali hiyo sindano. Yule kijana wa jirani si alidungwa asubuhi, jioni tukaambiwa ameenda?" Nilimkumbuka. Nilipika chai kwenye matanga yake.

Daktari alisikia. "Wengi tunawadunga wakiwa wameshachelewa," akaniambia, "halafu sindano ndiyo inalaumiwa." Nilitaka kumzaba kofi. Maneno ni rahisi ikiwa mtoto si wako.

Wamama walipoondoka, binti yangu akauliza, "Mama, mbona wamezima taa?"

Ilikuwa saa saba mchana na jua limejaa dirishani. Nilipitisha mkono mbele ya macho yake, hakupepesa. Haki, niliogopa. Nilimfuata daktari mbio. "Mtoe," nikamwambia. "Mtoe hayo maji sasa hivi."

Walimlaza ubavu, wakaniambia nimkunje magoti yakaribie kidevu na nisimwachilie. Maji yalipanda kwenye mrija mwembamba wa kupimia, yakapanda tena, na daktari akasema presha iko juu sana. Kisha wakayaachilia polepole kwenye chupa. Yalikuwa meupe kama ya bomba. Mimi nilikuwa nikitazama mbavu zake tu, nikingoja zisimame. Hazikusimama. Jioni aliniangalia akasema kitambaa changu cha kichwa kimekaa vibaya, nami nikalia mbele ya wadi nzima.

Nilidhani tumemaliza. Kumbe maji hurudi, na yangetolewa tena na tena mpaka dawa ya fangasi ishike. Asubuhi kichwa kilianza upya. Nilipoona muuguzi akija na trei, yule kijana wa jirani akanirudia akilini, nikaanza kutafuta maneno ya kuwaambia wangoje kidogo.

Binti yangu hakuniuliza. Aligeukia ukuta mwenyewe, akafungua gauni mgongoni, akakunja magoti.

"Mama, njoo unishike," akasema. "Lakini leo usitetemeke."