Pleti ya Kamera Kubwa

Sitauza kamera yangu. Nimeshawaambia wanangu, nimemwambia na jirani anayenunua vyuma vikuukuu. Ni kamera kubwa ya mbao, ile ya kujifunika kitambaa cheusi kichwani, filamu moja kwa picha moja. Wanangu wanasema nipige picha kwa simu. Simu wanazo wao.

Aliyekuwa na haki ya kuichukia ni mke wangu. Alipostaafu ukarani alivaa kitenge kipya, akakaa kwenye kiti mbele ya mlango wa nyumba yetu hii ya kanjo, baraza la jiji. Kivuli kilikuwa kizito, kwa hiyo niliacha lenzi wazi nikihesabu moja, mbili. Picha ilitoka na ukungu, uso wake kama umefutwa kwa kidole.

"Ulisogea," nikamwambia.

"Sikusogea."

"Kamera haidanganyi, mama."

"Basi itafutie mwingine wa kukaa mbele yake."

Hakukaa tena. Wageni wakiuliza kwa nini picha yangu iko ukutani na yake haipo, aliwajibu, "Mimi husogea," kisha akawaongezea chai. Nilisikia kila mara, nikanyamaza. Huo ulikuwa ukaidi wangu, na haukunisaidia.

Mwezi huu tunahamia Njiru, na nyumba zetu zitabomolewa. Nilitaka picha yake mbele ya ule mlango kabla haujang'olewa. Nikamwomba.

"Kwanza tujue nani alisogea," akasema.

Pleti yangu nayo ilikuwa imelika. Pleti ni kile kipande cha chuma kinachokazwa chini ya kamera, ili uipachike na kuichomoa haraka kwenye stendi ya miguu mitatu. Nikaifunga kamera kwenye shuka, nikabeba na stendi, tukaenda wote wawili dukani mjini.

Muuzaji, mwanamume wa makamo, aliitazama akacheka. "Buda, hii si ungepeleka makumbusho?"

"Wewe ndiye utakayepelekwa, ukifika umri wake na maneno hayo," mke wangu akamwambia. Nilishangaa. Kumbe kuitukana kamera yangu ni haki yake peke yake.

Nikachagua pleti nene yenye mpira juu. Mpira niliuamini maisha yangu yote. Huku Eastlands kipande cha tyubu ya gari ni dawa ya kila kitu: meza isiyumbe, mlango usigonge, mabati yasipige kelele. Hata ile pleti ya zamani niliibandika tyubu mwenyewe, tena mara mbili, mbao isikwaruzike. Nilijiona fundi. Nikaikaza ile pleti mpya chini ya kamera, nikaipachika kwenye stendi.

Mke wangu akaweka kidole mbele ya kamera, akaisukuma kidogo. Ikainamisha pua, ikarudi taratibu, ikainama tena.

"Ona," akasema. "Naiuliza nani alisogea, nayo inaitikia kwa kichwa."

Nikaijaribu mwenyewe. Uzito wote ule ulikuwa umekaa juu ya mpira kama mtu juu ya godoro. Siku ile ya kustaafu kwake, juu ya tyubu zangu, nilichomeka kasha la filamu kwa nguvu, nikafungua lenzi kabla kamera haijatulia.

Nikaomba ile ndefu, chuma kitupu, yenye ukingo nyuma unaoshika kitako cha kamera isizunguke.

"Hii itakwaruza mbao, mzee," muuzaji akaonya.

"Ikwaruze," nikasema. Kisha nikamgeukia mke wangu, pale pale mbele ya mtu. "Ni mimi niliyekosea. Hukusogea."

"Nilijua," akasema. "Funga kamera twende."

Asubuhi iliyofuata alikaa mlangoni na kitenge kile kile, rangi imepauka, kidevu juu. Majirani walikuwa wakipakia vitanda kwenye mkokoteni; hakuwatazama. Nikachomeka kasha. Kamera haikutikisika. Nikangoja, nikafungua lenzi, nikahesabu. Picha ilitoka kali kiasi cha kuonyesha uzi uliochomoka begani. Hakusogea. Hajawahi kusogea.

Jana binti yetu alikuja kusaidia kufunga mizigo, akauliza tena kwa nini tunabeba lile dude mpaka Njiru. Nilifungua mdomo, mama yake akaniwahi.

"Haliuzwi," akasema. "Na huko nitalishika mimi. Baba yako ndiye atakaa kwenye kiti, tuone."